Kiholanzi kilikuwa lugha ya serikali hapa Katanga, lakini nani alizungumza nacho na watu?

Mwaka 1943, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, benki ya koloni ilitoa sarafu mpya ya faranga 2. Ilikuwa ya shaba ya njano, yenye pembe sita, na upande mmoja ilikuwa na picha ya tembo. Ubelgiji wenyewe ulikuwa umekaliwa na Wajerumani, kwa hiyo sarafu hiyo ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, ndipo ikavuka bahari mpaka Kongo. Ilipita mikononi mwa wafanyakazi wa migodi, wauza unga na akina mama wa sokoni.

Jina la benki limeandikwa juu yake mara mbili. Mara ya kwanza ni Kifaransa: Banque du Congo Belge. Mara ya pili ni maneno ambayo watu wengi wa Kolwezi, hata waliosoma, hawakuyazoea: Bank van Belgisch Congo. Hayo ni maneno ya Kiholanzi. Kwenye stempu za posta ilikuwa vilevile. Kwenye gazeti la serikali la kutangazia sheria ilikuwa vilevile. Hata miji ilipewa majina mawili: Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa Kiholanzi iliitwa Elisabethstad. Léopoldville iliitwa Leopoldstad.

Kwa zaidi ya miaka 50, kuanzia 1908 hadi 1960, Kiholanzi kilikuwa na haki ya kisheria katika nchi hii. Wazungu wengi walioishi hapa, hasa mapadri na masista, walikinyonya pamoja na maziwa ya mama zao. Lakini sikiliza Kiswahili cha Kolwezi leo. Kutoka Kifaransa tumechukua lopitalo na shofele. Kutoka Kiingereza, kilichopanda na reli kutoka kusini, tumechukua motokari na bulangeti. Ukitafuta neno la Kiholanzi utachoka. Lugha hiyo ilipita wapi? Na kwa nini haikuacha alama?

Lugha ya wakulima na wavuvi

Kiholanzi ni lugha ya watu wa Uholanzi na ya watu wa kaskazini mwa Ubelgiji, jimbo la Flanders. Hawa wa Ubelgiji wanaitwa Waflamandi, na lugha yao watu wamezoea kuiita Kiflamandi, ingawa katika maandishi ni Kiholanzi kilekile. Kusini mwa Ubelgiji wanaishi Wawaloni, ambao wanasema Kifaransa.

Waholanzi walitangulia kusafiri mbali. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, na mwaka 1652 watu wake walijenga kituo kwenye Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini. Kutoka kituo hicho, kwa kuchanganyika kwa walowezi, watumwa na wenyeji, kilizaliwa Kiafrikana, ambacho mwaka 1925 kilipata hadhi ya lugha rasmi huko. Mtoto huyo wa Kiholanzi bado anapita hapa Lualaba, kwenye maongezi ya baadhi ya madereva na mafundi wanaotoka Afrika Kusini kufuata shaba na kobalti.

Indonesia ilikuwa hadithi nyingine. Waholanzi waliitawala kwa muda mrefu sana, lakini hawakujali kuwafundisha watu wengi lugha yao. Waliona inatosha kutumia Kimalayu, lugha ya bandari na masoko. Mwaka 1928 vijana wazalendo wa nchi hiyo walikula kiapo cha kuwa na lugha moja, na lugha waliyoichagua ilikuwa hiyohiyo ya masoko, wakiiita Kiindonesia. Mtawala alipoondoka, lugha yake iliondoka naye. Msomaji wa Katanga akumbuke mfano huo, maana tutaurudia.

Waflamandi wa Ubelgiji hawakuwa mabwana wa dunia kama Waholanzi. Katika nchi yao wenyewe, tangu Ubelgiji ilipojitegemea mwaka 1830, wakubwa walisema Kifaransa. Mahakama, jeshi, chuo kikuu na ofisi za makampuni zilikwenda kwa Kifaransa. Kiflamandi kilionekana lugha ya wakulima, wavuvi na watumishi wa nyumbani. Mwaka 1860 Waflamandi wawili, Jan Coucke na Pieter Goethals, walikatwa vichwa mjini Charleroi kwa kosa la mauaji, baada ya kesi iliyoendeshwa kwa Kifaransa. Habari zilienea Flanders kwamba watu hao waliuawa bila kuelewa vizuri yaliyosemwa juu yao. Kisa hicho kiliwauma Waflamandi kwa miaka mingi, na wakaanza kudai haki hatua kwa hatua. Mwaka 1873 walipata sheria kuhusu lugha ya kesi za jinai katika Flanders. Mwaka 1898 ikapitishwa sheria kwamba maandishi ya Kiholanzi ya sheria za nchi yana nguvu sawa na ya Kifaransa.

Miaka 10 baadaye, Ubelgiji ukaipokea Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Léopold wa Pili.

Kifungu cha 3

Sheria iliyoifanya Kongo kuwa koloni la Ubelgiji ilitolewa tarehe 18 Oktoba 1908. Inajulikana kama Katiba ya Koloni. Wabunge wa Kiflamandi walihofia kwamba yale waliyoyapigania nyumbani yangepotea ng'ambo, kwa hiyo walidai lugha yao itajwe. Wakapata kifungu cha 3.

Kifungu hicho kilisema mambo manne. Kwanza, matumizi ya lugha katika Kongo ni hiari. Pili, amri zitatolewa kupanga jambo hilo, kwa namna ya kulinda haki za Wabelgiji na za Wakongomani. Tatu, amri hizo zitoke ndani ya miaka 5, na Wabelgiji walio Kongo wapate kinga zinazofanana na zile walizo nazo nyumbani. Nne, amri na kanuni zinazohusu watu wote ziandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiflamandi, na maandishi yote mawili yawe rasmi.

Jambo la nne ndilo lililotekelezwa. Ndiyo sababu ya stempu, sarafu na gazeti la serikali kuwa na lugha mbili. Lakini ile miaka 5 ilipita, ikapita mingine 5, na mingine tena. Hadi miaka ya 1950 Waflamandi walikuwa bado wanaidai haki waliyoahidiwa mwaka 1908.

Katika kazi za kila siku mambo yalikwenda kwa Kifaransa. Mkuu wa jimbo aliandika Kifaransa. Hakimu alihukumu kwa Kifaransa. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo mwaka 1937 ilianzisha mji wa Kolwezi kwa ajili ya migodi yake ya magharibi, iliendesha ofisi zake kwa Kifaransa. Mflamandi aliyetaka cheo alijua njia: aache Kiflamandi nyumbani, ofisini aseme Kifaransa. Wengi walifanya hivyo bila kulazimishwa, kama vile leo kijana wa Kolwezi anayetafuta kazi anavyoandika barua yake kwa Kifaransa hata kama mwenye kuisoma ni mtoto wa mtaa wake.

Kumbuka pia maneno yale ya kifungu cha 3: haki za Wabelgiji na za Wakongomani. Katika mabishano yote yaliyofuata, nusu ya pili ya maneno hayo ilisahauliwa. Waflamandi waliuliza kama Mflamandi atahukumiwa kwa lugha anayoielewa. Swali la Mluba, la Mlunda, la Mchokwe au la Msanga anayesimama mbele ya hakimu wa Kizungu, akitegemea mkalimani, halikupewa uzito huo. Watu waliokuwa na kumbukumbu ya Coucke na Goethals walikuwa hapa, wakiishi pamoja na watu waliokuwa katika hali ileile.

Mwenye mji alikuwa Kiswahili

Katika migodi, lugha ya kazi ilikuwa nyingine kabisa. Kiswahili kilikuwa kimefika huku kabla ya Wabelgiji, kwa misafara ya wafanyabiashara wa mashariki waliokuja Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, kutafuta pembe na shaba. Reli kutoka kusini ilipofika Elisabethville mwaka 1910, ilileta pia wazungu wa Rhodesia na Afrika Kusini, pamoja na lugha ya mchanganyiko ya migodi ya kusini, ambayo hapa Katanga iliitwa Kikabanga. Wabelgiji waliogopa kwamba Katanga itakuwa mkia wa makoloni ya Waingereza. Union Minière ilipoanza kuchukua watu wengi kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi badala ya Rhodesia ya Kaskazini, Kiswahili ndicho kilichosukumwa mbele kama lugha ya kambi.

Kwa hiyo mzungu aliyefika Kolwezi alikuta ngazi tatu. Juu kulikuwa na Kifaransa cha ofisi. Chini kulikuwa na Kiswahili cha kazi na cha kambi. Pembeni kulikuwa na lugha za nyumbani: Kiluba, Kisanga, Kilunda, Kichokwe. Kiholanzi hakikuwa na ngazi yake. Kilikuwa lugha ya barua kwa mama aliyebaki Flanders, ya meza ya chakula katika misheni, ya wazungu wawili wanaotaka kusemezana bila wa tatu kuelewa.

Hata vitabu vinaonyesha jambo hilo. Katika eneo la Lulua na Katanga ya kati, Kanisa Katoliki lilikabidhiwa kwa Wafransisko, na wengi wao walikuwa Waflamandi. Mmoja wao, padri E. Van Avermaet, alifanya kazi pamoja na Mkongomani Benoît Mbuya kutengeneza kamusi kubwa ya Kiluba, iliyotolewa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1954. Mbuya alikuwa Mluba, Van Avermaet alikuwa Mflamandi. Kamusi yao ni ya Kiluba na Kifaransa. Hata watu wawili ambao hakuna kati yao aliyezaliwa katika Kifaransa walilazimika kukutana katika Kifaransa.

Jeraha lililowasaidia baadhi, na kuwasumbua wengine

Si haki kusema kwamba Waflamandi wote walisahau machungu yao. Wako waliojifunza kitu. Katika mkoa wa Équateur, mapadri Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert walianzisha mwaka 1937 jarida la Aequatoria, na waliipigania lugha ya Kimongo kwa nguvu zote. Walijua mtu anajisikiaje akiambiwa kwamba lugha ya mama yake haifai kusomewa. Walisema watoto wa Kiafrika wafundishwe kwa lugha yao.

Lakini wasomi wa Kikongomani wa wakati ule walilitazama jambo hilo kwa macho mengine. Karani au mwalimu aliyeitwa évolué alijua kwamba mlango wa mshahara mzuri, wa kusoma zaidi, wa kuheshimiwa, ulifunguliwa kwa Kifaransa. Mzungu aliyemwambia abaki na lugha ya kijiji, hata kama nia yake ilikuwa njema, alionekana kama mtu anayefunga mlango huo. Tena katika miaka ya 1950, shule na elimu ya juu zilipoanza kupanuka, Waflamandi walidai Kiholanzi kipate nafasi shuleni, hata kwa wanafunzi wa Kikongomani wa sekondari. Wasomi wakakataa. Mtoto ambaye tayari ana lugha ya nyumbani, Kiswahili au Lingala, na Kifaransa, abebeshwe lugha ya nne kwa sababu Wabelgiji wana ugomvi wao? Kwao ulikuwa mzigo wa watu wengine.

Hapo ndipo shida yote inaonekana. Waflamandi walipigania haki yao kwa kweli, na nyumbani walikuwa na sababu. Hapa Kongo walikuwa pia sehemu ya watawala. Mtu anaweza kuwa mdogo katika nyumba yake na bwana katika nyumba ya jirani, kwa wakati mmoja.

Kitabu cha Kamina

Kiholanzi kiliacha alama moja kubwa katika Katanga. Lakini alama hiyo haikubaki kwa Kiholanzi.

Frans Tempels alizaliwa Berlaar, katika mkoa wa Antwerpen, mwaka 1906. Alipoingia kwa Wafransisko alipewa jina la Placide. Alipata upadri mwaka 1930 na mwaka 1933 akaja Kongo, katika nchi za Waluba. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa miaka ya kwanza aliishi kama mzungu mwenye mamlaka na mafundisho, akitaka watu wamsikilize. Kisha alianza kuwauliza wao wanafikiri nini, na maisha yake yakageuka.

Katika miaka ya vita aliandika kwa lugha yake, Kiholanzi, juu ya jinsi Waluba wanavyouelewa ulimwengu. Neno lake kubwa lilikuwa levenskracht, yaani nguvu ya uzima. Alisema kwamba kwa Mluba, kuwapo ni kuwa na nguvu hiyo. Inakua na inapungua, inapita kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto, na mtu hawi mtu peke yake bali katika uhusiano na wengine.

Wakati wenyewe haukuwa mtulivu. Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Elisabethville. Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Wazungu wengi walijiuliza Mwafrika anataka nini. Tempels aliwajibu kwamba hawajawahi hata kumjua.

Mwanasheria wa Elisabethville, Antoine Rubbens, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa, na kikatolewa hukohuko Elisabethville mwaka 1945. Toleo la Kiholanzi lilifuata Antwerpen mwaka 1946. Yaani kitabu kilichoandikwa kwa Kiholanzi kilionekana kwanza kwa Kifaransa. Mwaka 1949 Présence Africaine ilikitoa Paris, na kutoka hapo kikaenda duniani kote. Leo ukiingia chuo kikuu chochote kinachofundisha falsafa ya Afrika, utasikia juu ya force vitale, si levenskracht.

Kitabu kilileta maneno mengi. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Elisabethville alikipinga. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1946 na hakuonekana tena Kongo mpaka 1949. Waafrika nao hawakukipokea wote kwa kupiga makofi. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, mwaka 1950 alikishambulia, akiona kwamba kumsifu Mwafrika kwa roho yake ni njia rahisi ya kukwepa kusema juu ya mshahara wake, chakula chake na uhuru wake. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu mwaka 1956 kwa utafiti wake mwenyewe juu ya mawazo ya Wanyarwanda. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 Jadotville, yaani Likasi, alirudi kwenye kitabu hicho katika kazi yake ya mwaka 1988, akionyesha jinsi mzungu anavyotengeneza Afrika kwa kuiandika. Ubishi huo bado unaendelea. Lakini wengi wanaoingia humo hawajui kwamba mwanzo wake ni karatasi za Kiholanzi zilizoandikwa kwenye misheni ya Kamina.

Baba Placide wa Ruwe na Musonoi

Sehemu ya pili ya maisha ya Tempels ndiyo inayowahusu watu wa Kolwezi moja kwa moja. Aliporudi, alifanya kazi katika kambi za wafanyakazi wa migodi, Ruwe na Musonoi. Huko, karibu mwaka 1953, ilianza Jamaa.

Haikuwa na ofisi wala kadi. Mume na mke walikutana na mume na mke wengine, nyumbani, baada ya zamu, na wakazungumza. Mafundisho yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Wanachama waliitana baba na mama. Mzungu naye hakuitwa bwana, aliitwa Baba Placide. Katika kambi ya Union Minière, ambako mtu alikuwa na namba ya kazi, nyumba ya kampuni na posho ya kampuni, kuitwa baba na mama na watu usiozaliwa nao tumbo moja lilikuwa jambo kubwa. Wafanyakazi waliohamishwa walikwenda na Jamaa yao, nayo ikafika Likasi, Lubumbashi na Kasai.

Yote hayo yalikwenda kwa Kiswahili. Tempels hakuwafundisha wafanyakazi wa Musonoi Kiholanzi, wala hakungoja wajue Kifaransa. Yale aliyoyaita levenskracht kwenye karatasi, katika kambi yaliitwa uzima. Na neno hilo halikuwa tafsiri tu, maana walioliongoza neno hilo hawakuwa wazungu. Akina baba na akina mama wa kambi walilichukua, wakaliongezea ya kwao, ndoto zao na methali zao, wakawafundisha wengine. Johannes Fabian, mtafiti Mjerumani aliyekuja katika miaka ya 1960 kuwasikiliza wana Jamaa, ilibidi ajifunze Kiswahili cha Katanga ili aelewe, na kitabu chake juu ya Jamaa kilitoka mwaka 1971.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi tena kuishi. Alifariki Hasselt, Flanders, mwaka 1977. Jamaa iliingia katika misukosuko na maaskofu, ikagawanyika, lakini haikufa alipoondoka mwanzilishi wake. Ilikuwa tayari katika lugha ya wenyewe.

Baada ya 1960

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na ile hadhi ya Kiholanzi ikaisha bila kelele. Hakuna aliyeandamana kuitetea. Elisabethstad na Leopoldstad zikabaki kwenye ramani za zamani. Kifaransa kikabaki, kwa sababu wasomi wenyewe walikuwa wamekishika. Ugomvi wa Wabelgiji ukaendelea kwao, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakachora mpaka wa lugha ndani ya nchi yao.

Mfano wa Indonesia unarudi hapa. Huko lugha ya soko ilipanda ikawa lugha ya taifa, ya shule, ya sheria na ya mahakama. Katanga ilikuwa na lugha ya soko pia, lakini haikupanda ngazi zote. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 1, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inaongeza kwamba Serikali itaziendeleza bila ubaguzi.

Hapo mtu aliyesoma kifungu cha 3 cha mwaka 1908 anasimama kidogo. Anaona tena lugha iliyotajwa kwa heshima katika sheria kubwa ya nchi. Tena anaona ahadi inayongoja amri za kuitekeleza. Tofauti ni kwamba Kiholanzi kilikuwa na sheria bila watu wa kuzungumza nao. Kiswahili kina watu, kinachokosa ni karatasi.

Na hapa Lualaba karatasi ni maisha ya watu. Tangu sheria ya migodi iliporekebishwa mwaka 2018, kampuni inatakiwa kupatana na jamii zinazozunguka mgodi juu ya daftari la majukumu: shule, visima, barabara, zahanati. Mahali pengine familia zinahamishwa ili shimo lipanuke, na mkuu wa nyumba anatakiwa kutia sahihi juu ya fidia ya shamba na nyumba yake. Mkutano unafanyika kwa Kiswahili, watu wanauliza maswali yao kwa Kiswahili, wanajibiwa kwa Kiswahili. Kisha inaletwa karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo ni ya Kifaransa. Aliyeahidiwa visima viwili kwa mdomo hajui kama kwenye karatasi kimeandikwa kimoja. Akigundua baadaye, anaambiwa kwamba sahihi ni yake.

Waflamandi wa mwaka 1860 wangeielewa hali hiyo bila mkalimani. Haikuwachukua siku moja kuibadilisha nchini kwao: kati ya kifo cha Coucke na Goethals na sheria ya kwanza ilipita miaka 13, na kati ya kifo hicho na sheria ya usawa miaka 38. Walianza na mahali panapouma zaidi, yaani mahakamani, mtu anapopoteza kichwa au mali kwa maneno asiyoyaelewa. Hawakudai ushairi kwanza, wala majina ya mitaa.

Kwa mtu wa Kolwezi, mahali panapouma ni pale kwenye meza ya sahihi. Kudai kwamba kila daftari la majukumu na kila karatasi ya fidia iwe na nakala ya Kiswahili, isomwe mbele ya watu kabla ya mtu yeyote kushika kalamu, hakuhitaji katiba mpya. Kifungu cha 1 kipo tayari. Kifungu cha 3 nacho kilikuwepo miaka 52, na kwa jina la Kongo kwenye sarafu kilitosha. Lakini ile faranga 2 yenye tembo, pamoja na lugha zake mbili, leo haiwezi kununua hata kipande cha mkate pale sokoni.